Meza ya Ukutani: Ninavyotafuta Mgahawa Uliotulia Katikati ya Dar

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Kila baada ya miezi mitatu huja Dar kutoka Korogwe kuhudhuria kliniki ya masikio Muhimbili. Analala kwangu Kimara, asubuhi tunapanda mwendokasi, tunashuka Fire, tunachukua bajaji mpaka hospitali, na ikifika saa tano hivi ameshatoka kwa daktari. Nyumbani kwangu kuna watoto watatu na televisheni, na jirani ana karakana ya kuchomelea mageti. Kwa hiyo chakula cha mchana mjini ndicho kipindi pekee tunachopata kuzungumza sisi wawili.

Mara ya kwanza nilimpeleka mahali panaposifiwa sana, pa bei iliyozidi kidogo mfuko wangu. Niliamini kwamba nikilipa zaidi, utulivu utakuja na bili. Ukumbi ulikuwa mzuri wa kutazama: vioo kuanzia chini hadi juu, vigae vinang'aa, viti vya chuma, muziki juu ya kila meza. Mhudumu alipomwuliza baba kama anataka kuku au samaki, baba alijibu, "Ahsante sana, mama." Nikaagiza kwa niaba yake. Nilijaribu kumweleza alichosema daktari, akawa anatikisa kichwa tu na kusema "ndiyo, ndiyo", mpaka nikagundua kwamba hata nilipomwuliza swali alijibu hivyohivyo. Tulipotoka, tukiwa tumesimama kivulini tukisubiri bajaji, akaniambia: "Chakula kilikuwa kizuri, mwanangu. Ila nimekula peke yangu."

Neno hilo sikulisahau. Nafanya kazi ya uwakala wa forodha, ofisi yetu iko Barabara ya Sokoine, na kwa miaka kumi na moja nimekula mchana katikati ya mji huu. Nilijidhania naijua migahawa yote kuanzia Kivukoni hadi Mnazi Mmoja. Kumbe nilikuwa naijua kwa ulimi na kwa mfuko. Kwa sikio sikuwa naijua kabisa. Ikabidi nianze upya, na haya ninayoyaandika ni matokeo ya miaka miwili ya kutafuta. Hayawahusu wenye wazee tu. Yanamfaa pia anayetaka kuzungumza na mchumba, na mwenye kikao kidogo cha biashara asichotaka meza ya jirani ikisikie. Na yupo mtu aliyechoka tu, anayetaka kula bila kupigiwa spika sikioni.

Majina ya migahawa sitayataja. Katikati ya mji mgahawa hubadili mpishi, mwenye mali na hata spika bila kumtangazia mtu, na nisingependa umpeleke mzee wako mahali kwa neno langu ukute wamefunga televisheni mpya nne. Nitakachokupa ni namna ya kutafuta, na mitaa ya kuanzia.

Kwanza, kelele yenyewe

Daktari alitueleza jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokolea fedha. Mtu anapozeeka, sikio huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za juu. Irabu zetu, a, e, i, o, u, ni nzito na zina nguvu, kwa hiyo zinabaki. Zinazopotea ni konsonanti kama f, s, sh, t na k. Sasa hebu tamka: fika, pika, shika. Mzee anasikia i na a, basi. Anajua unazungumza, sauti anaipata, maana haipati. Ndiyo sababu kumpigia kelele hakusaidii. Unaikuza ile irabu ambayo tayari alikuwa anaisikia.

Na kelele za mgahawa huziba palepale penye udhaifu. Vijiko kwenye sahani, glasi zinazogongana, miguu ya viti vya chuma ikiburuzwa juu ya vigae, blenda ya juisi: zote hizi ni kelele kali, nyembamba, zinazoangukia juu ya zile f na s. Hata mashine ya sikio, ambayo baba alivalishwa mwaka jana, hukuza na vijiko pia.

Kuna jambo la pili. Watu wakiwa katika kelele hupandisha sauti bila kujua. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza mwaka 1911, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Meza moja ikipandisha, ya pili inapandisha ili isikike juu ya ile ya kwanza, na ya tatu vivyo hivyo, na muziki nao unaongezwa kwa sababu mhudumu haoni kama unasikika. Ukumbi wa watu thelathini unaweza kuwa na utulivu saa sita na kuwa kama stendi saa saba na robo, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kupiga kelele.

Nimeweka kwenye simu programu ya kupima desibeli. Zipo za bure. Si kipimo cha maabara, lakini inatosha kulinganisha sehemu na sehemu. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60, na kila desibeli 10 zikiongezeka, sikio huhisi kelele imekuwa maradufu. Kwa baba, ukumbi ukivuka 70 hakuna mazungumzo. Mahali ninapopaweka kwenye orodha yangu panasoma chini ya 65 mchana, huku watu wakiwemo.

Soma chumba kabla ya kusoma menyu

Ukiingia, tazama juu na chini kabla ya kutazama sahani za watu. Sakafu ya vigae, ukuta wa vioo na dari ya zege iliyoachwa wazi ni mitambo mitatu ya kurudisha sauti, na ukumbi wenye vyote vitatu sikai hata kama chakula chao kinanukia hadi Samora. Ninachokitafuta ni kitu laini: mapazia mazito, vitambaa vya meza, viti vyenye mito, dari ya mbao, mikeka ukutani, hata rafu za vitabu. Kumbi nyingi za siku hizi zimejengwa zipendeze kwenye picha, na kinachopendeza kwenye picha mara nyingi ni kigumu na kitupu. Kumbi za zamani za mitaa ya Kisutu, zenye kuta nene na madirisha madogo, haziwavutii wapiga picha, lakini ndani yake unamsikia mwenzako akivuta pumzi kabla ya kusema.

Kisha tafuta vyanzo vya kelele. Kaunta ya juisi iko wapi? Blenda moja ya embe inaweza kukata mazungumzo kila dakika tano. Mlango wa jikoni uko upande gani? Sinki la kunawia mikono je? Watu husimama pale kwa foleni, wanasalimiana, wanacheka, na ile mashine ya kukaushia mikono, kama ipo, inanguruma kuliko pikipiki. Jenereta liko kwenye baraza la mbele au nyuma ya jengo? Umeme siku hizi unakatika mara chache kuliko miaka michache iliyopita, lakini siku ukikatika, meza ya dirishani iliyo juu ya jenereta haikaliki.

Kiyoyozi na pangaboi nazo zina sauti. Pangaboi lililolegea huwa linagonga, na kiyoyozi cha ukutani kikizeeka hutetemeka. Hata hivyo, mvumo mmoja usiobadilika, usio mkali, siupingi sana. Baba huuzoea baada ya dakika chache. Kinachomchosha ni kelele ya kushtukiza.

Televisheni ni jambo la pekee. Sehemu yenye televisheni inayozungumza habari kwa sauti ya chini huvumilika, tena nikiomba izimwe huwa wanakubali. Lakini siku ya Simba na Yanga, usijaribu popote penye kioo, hata pale unapopaamini, kwa sababu mashabiki wataketi saa tatu kabla ya mechi. Angalia ratiba kwanza.

Mitaa ya kuanzia

Katikati ya mji wetu hapalingani. Kuzunguka Sanamu ya Askari, pale Samora inapokutana na Azikiwe, na kushuka hadi Posta Mpya, kelele ya barabara inaingia kila mlango uliofunguliwa, na migahawa ya chini barabarani inaishi na honi kutwa. Upande wa Feri ni vilevile, pamoja na msongamano wa wanaovuka kwenda Kigamboni. Lakini tembea dakika tano tu.

Nyuma ya Makumbusho ya Taifa na bustani ya mimea, ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, mitaa ni mipana, miti ni mikubwa, na magari ni machache. Mtaa wa Shaaban Robert na Barabara ya Garden ndipo ninapoanzia nikiwa na mgeni anayependa kula nje. Nje kuna faida ambayo watu huisahau: sauti haina ukuta wa kugonga, inaondoka zake. Bustani yenye meza ishirini chini ya miti inaweza kuwa tulivu kuliko chumba chenye meza sita, alimradi isiwe ukingoni mwa barabara na isiwe na spika mtini. Na tangu wizara zihamie Dodoma, upande huu wa kuelekea Kivukoni umepungukiwa na ule umati wa watumishi uliokuwa ukimiminika saa saba kamili. Kwa wenye biashara hilo ni pigo, nami nalisikitikia. Ndiyo sababu mojawapo ya kuwapelekea fedha yangu.

Kisutu na mitaa ya jirani, yaani Zanaki, Jamhuri, Libya na Indira Gandhi, ndiko ninakorudi mara nyingi. Mitaa yenyewe ina kelele, tena jioni mishkaki na kuku wa mkaa wakianza kutoka, vijana wanajaa hadi barabarani. Lakini tazama juu. Ghorofa ya kwanza juu ya maduka kuna migahawa ambayo mpita njia haioni: ngazi nyembamba, kibao kidogo, na huko juu ukumbi wa mboga wa Kigujarati wenye familia mbili na wazee wanne wanaosoma magazeti. Sahani ya thali inakuja na dengu, mboga mbili tatu, chapati za moto, wali, achari na mtindi, na mara nyingi wanakuongeza bila kukuuliza. Chakula hiki kinamfaa baba kwa sababu ya presha. Shida ni ngazi. Kama mzee wako ana magoti mabovu, piga simu uulize kama kuna lifti, na uulize choo kiko ghorofa ipi.

Kuna pia vilabu vya jumuiya, vyenye viwanja vya michezo na kantini, Kisutu na Upanga. Baadhi ya kantini hizo hupokea hata asiye mwanachama. Ingia, salimia, uliza. Asubuhi na mchana viwanja vinakuwa vitupu na kantini inapika kwa ajili ya wachache wanaojuana, na jikoni linalopikia watu wanaojuana huwa halithubutu kulipua. Jioni ndipo mipira inapoanza kugonga.

Upanga yenyewe ina nyumba za zamani za kuishi zilizogeuzwa migahawa. Kilichokuwa chumba cha kulala kimekuwa chumba cha meza nne, sebule ina meza sita, ua una mwembe. Nyumba iliyogawanywa hivi ni bora kuliko ukumbi mmoja mkubwa, kwa sababu kuta zinazuia ile hali ya meza kupandishiana sauti. Omba chumba cha ndani. Toka Muhimbili ni mwendo wa bajaji usiofika dakika kumi, foleni ikiwa nzuri.

Na usidharau hoteli za daraja la kati, zile za vyumba arobaini hivi zisizo na bwawa wala baa ya juu. Ukumbi wao wa kifungua kinywa hutoa pia chakula cha mchana, na mchana wageni wote wako kwenye shughuli zao. Nimewahi kukaa na baba katika ukumbi wa namna hiyo tukiwa wateja pekee kwa saa nzima. Menyu inaweza kuwa ya kawaida sana, kwa hiyo agiza kitu ambacho mpishi wa Dar hakikosei: samaki wa nazi, wali na mchicha. Kumbi za kulia za hosteli za makanisa nazo ni hivyohivyo, tena bei inashuka, na mle hamna muziki wa kupigania.

Saa ni muhimu kuliko mtaa

Ningeambiwa nichague kati ya mgahawa mzuri saa saba na mgahawa wa wastani saa sita kasorobo, kwa ajili ya mazungumzo ningechagua wa pili. Ofisi za Posta hutoka kula kati ya saa sita na nusu na saa nane. Ukiingia saa tano unakuta supu tu, vyungu bado viko motoni na mhudumu anapanga vijiko. Ukiingia saa sita kasorobo unapata pilau ya kwanza kutoka chunguni, samaki hajakaa, mhudumu ana muda, na meza ya ukutani bado ni yako. Umati ukija, nyinyi mmeshakula na mko kwenye chai. Watu wengi hunishauri saa nane na nusu, wakisema wote wameondoka. Ni kweli kunatulia, lakini utakachokula ni mabaki, na "samaki ameisha, dada, kuna kuku tu" utaizoea.

Ijumaa ina mpangilio wake. Kisutu ina misikiti mingi, na migahawa mingi ya Waislamu husimama wakati wa sala, kisha kuanzia saa nane hufurika watu wa biriani. Biriani ya Ijumaa ni nzuri na sikukatazi, lakini nenda na rafiki ambaye hamna la siri wala la uzito. Mwezi wa Ramadhani mchana mingi ya migahawa hiyo hufunga milango, na jioni wakati wa kufuturu kila meza inajaa kwa dakika tano. Hapo hoteli za kati ndizo za kukimbilia. Jumamosi kuanzia saa nane mchana Posta inatulia sana. Jumapili ni kimya kabisa, lakini milango mingi imefungwa, kwa hiyo usimtoe mzee Kimara bila kupiga simu.

Piga simu usikilize

Hii ndiyo mbinu ninayoithamini kuliko zote, na sikufundishwa na mtu. Ukimwuliza mtu wa mgahawa, "Je, kwenu pametulia?" atakujibu ndiyo, na hakudanganyi, kwake pametulia. Badala yake mpigie saa saba na robo, siku ileile ya wiki unayotaka kwenda, uulize swali lolote lenye jibu refu kidogo, kama vile leo kuna samaki gani. Wakati anajibu, wewe sikiliza nyuma yake. Kama anakuambia "subiri nitoke nje", umeshapata jibu. Ukisikia blenda, muziki, sahani zikirundikwa, umeshapata jibu. Kama sauti yake inakuja safi, na nyuma ni mvumo tu wa watu, nenda.

Mtandaoni soma maoni ya watu kwa jicho hilohilo. Nyota zinahusu chakula na tabasamu la mhudumu. Tafuta maneno: bendi, mechi, bethdei, "vibe". Panaposifiwa kwa vibe, sifa hiyo kwangu ni onyo. Picha za wateja ni bora kuliko za mwenye mgahawa, kwa sababu mteja hupiga na dari na sakafu bila kukusudia.

Kisha nenda peke yako kwanza, unywe chai tu. Nusu saa inatosha.

Bei na chakula

Kwa bei ya kati nina maana sahani ya shilingi 15,000 hadi 30,000 kwa mtu, juu ya mama ntilie na chini ya hoteli kubwa za ufukweni. Nikiwa sina menyu, huuliza bei ya maji ya nusu lita. Dukani ni kama 500 au 600. Wakiniambia 1,000 au 1,500, najua sahani zitakuwa ndani ya uwezo wangu. Wakiniambia 4,000, nashukuru na kuaga. Uliza pia kama bei za menyu zimejumuisha kodi na huduma, maana asilimia kumi na nane ikiongezwa mwishoni inaharibu hesabu.

Kuhusu utamu nitasema machache. Menyu fupi. Kachumbari iliyokatwa leo, usikute vitunguu vimelegea. Chapati isikike ikipigwa huko ndani. Mhudumu anayekuambia kwa hiari yake kwamba leo changu si mzuri, chukua kolekole, huyo mshike.

Mkishakaa

Mzee mkalishe mgongo wake ukiwa ukutani, ili kelele isimjie kutoka nyuma. Wewe keti mbele yake, na dirisha lisiwe nyuma yako: mwanga ukikupiga kisogoni, uso wako unakuwa giza, naye hasomi midomo yako. Sikujua kama baba anasoma midomo. Hata yeye hakujua. Lakini siku nilipobadilisha kiti, akaanza kunijibu maswali.

Menyu msomee kabla mhudumu hajaja, taratibu, mkubaliane. Inamwondolea aibu ya kuulizwa mara tatu mbele za watu, na aibu hiyo ndiyo inayowafanya wazee wakatae kutoka. Mwambie mhudumu mapema, kwa heshima: "Dada, nina mzee hapa, masikio yanamsumbua kidogo. Naomba utupunguzie redio, na ukija uje upande wake wa kulia." Sijawahi kukataliwa. Wengine hufanya zaidi ya nilivyoomba, kuna kijana mmoja Upanga ambaye huinama kwanza mpaka uso wake ulingane na wa baba, ndipo anasema, "Shikamoo, babu." Mtu wa namna hii muulize jina, mwachie chochote kabla ya kuondoka, na ukija tena umpigie yeye. Meza ya ukutani atakuwekea.

Jumanne iliyopita tulikuwa Mtaa wa Zanaki, ghorofa ya kwanza, jengo lenye lifti. Saa sita kasorobo. Desibeli 58. Kabla sijafungua mdomo baba alimgeukia mhudumu na kumwuliza yule samaki ni wa lini. Akajibiwa, "Wa alfajiri, babu, kutoka Feri." Baba akarudia, "Wa alfajiri," akaagiza mwenyewe, na akasisitiza ndimu iletwe pembeni.

Alipomaliza kula alinisimulia jinsi alivyohamishwa shule ya kule Lushoto kabla mimi sijazaliwa, alivyotembea na godoro kichwani kutoka barabarani, na mwalimu mkuu aliyempokea kwa kumpa jogoo. Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Nilimwuliza jogoo aliishia wapi, akanisikia, akacheka, akaanza kueleza. Tuliondoka saa tisa na nusu. Chai tulikuwa tumeagiza mara mbili, na zote mbili zilipoa.